Meza za Mbele

Jumatatu, 5 Mei

Nimerudi chuoni. Kinango nimeacha vumbi, Diani nimekuta matope. Baba alinisindikiza hadi stendi akaniuliza kama muhula huu ndio nitavaa ile sare ya mapokezi yenye skafu ya buluu. Nikamwambia ndiyo, mwaka wa pili tunaingia mgahawani kupokea wageni wa kweli. Alicheka peke yake, kama mtu aliyeambiwa siri nzuri.

Chumbani nimemkuta Viola ameshatandika vitanda vyote viwili. Viola asili yao ni Vihiga, huko bara, lakini alizaliwa Ukunda na ndiko alikokulia. Mama yake anafua mashuka katika hoteli moja ya huku. Kaniambia nimenenepa. Uongo.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kutwa. Bati linavuja juu ya kitanda changu. Nimekisogeza, kisha nimekisogeza tena.

Ijumaa, 9 Mei

Leo tumeingia mgahawani. Ni mgahawa wa mafunzo, uko ndani ya chuo lakini mtu yeyote anaruhusiwa kuja kula. Wanafunzi ndio wanaopika, wanaohudumu na wanaopokea wageni mlangoni. Baraza la mbele linatazama bustani na bahari, na meza zake zina vitambaa vyeupe. Ndani kuna meza nyingine, jirani na mlango wa jikoni na choo, ambako feni inazunguka ikitaka.

Juu ya kila meza ya mbele kuna kibao kidogo cha mbao kilichoandikwa IMEHIFADHIWA.

Madam Concepta, mkuu wa mafunzo ya huduma, alitutembeza. Ni mwanamke mrefu, mkimya, viatu vyake havipigi kelele. Akasema, "Mgeni akifika, mwangalieni. Mkishamwangalia mtajua akae wapi."

Nikauliza, "Tumwangalie nini, Madam?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Utajua," akasema.

Hadi jioni nilikuwa nimeshajua. Wazungu wakija, kibao kinaondolewa na wanakaa baraza. Weusi wakija, kibao kinabaki na wanapelekwa ndani. Hakuna mahali palipoandikwa. Hakuna aliyelisema kwa mdomo. Na huu ni msimu wa mvua, hoteli nyingi zimefungwa, wageni hakuna. Meza za mbele karibu zote zimekaa tupu kutwa, zimehifadhiwa.

Jumanne, 13 Mei

Somo la mawasiliano, mwalimu Austine. Sote tunampenda mwalimu huyu. Ni kijana, anajua majina yetu, na hutuambia tusiogope kuuliza. Leo ameandika ubaoni: MTEJA NI MTEJA.

Nikainuka nikauliza, "Mwalimu, ikiwa mteja ni mteja, kwa nini wazungu wanakaa baraza na sisi tunakaa karibu na choo?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mwalimu Austine akafuta ubao taratibu, ingawa kipindi kilikuwa hakijaisha.

"Swali zuri," akasema. "Tutalizungumza siku nyingine, katika mazingira yanayofaa."

Baadaye akanisimamisha kwenye ujia, akaangalia nyuma na mbele, akaniambia kwa sauti ya chini, "Una akili, Jumwa. Usiache kuuliza." Nilitembea hadi bwenini kama niliyevishwa taji.

Viola alikuwa anapiga pasi sketi. "Amekusifu," akasema. "Lakini amekujibu?"

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Ugali na sukuma. Hakuna jipya.

Jumamosi, 17 Mei

Ilikuja familia kutoka Matuga, baba, mama na mtoto wa kike mwenye utepe mwekundu kichwani. Mtoto alitaka kukaa panapoonekana bahari. Thoya, mwanafunzi mwenzetu, alikuwa zamu ya mlango. Akawaambia meza hizo zimehifadhiwa.

"Wenyewe wako wapi?" mtoto akauliza.

"Watakuja," baba yake akamwambia, akamshika mkono wakaingia ndani.

Walikula samaki, wakamaliza, wakaondoka. Hakuna aliyekuja. Mtoto alipopita baraza aligeuka akazitazama zile meza tupu moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama pale na jagi la maji. Nilimtabasamia kama tulivyofundishwa.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Thoya ni mtu mzuri. Aliyemfundisha amefundishwa. Ukilifuata jambo hili halina mwanzo.

Jumapili, 25 Mei

Leo niandike yote kabla sijasahau nani alisema nini.

Nilikuwa zamu ya mlango, nimevaa skafu. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na bustani ilikuwa inameta. Wakaja wanawake wawili. Mmoja mtu mzima, amevaa buibui na ushungi wa rangi ya zambarau, anatembea kwa fimbo. Wa pili binti yake, amevaa vizuri, mkoba mkononi.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni sana."

Binti akasema jina lake ni Mejumaa, na kwamba alipiga simu Alhamisi akaomba meza ya baraza. Mama yake, Bi. Mwanasha, alikuwa mkunga Msambweni miaka mingi, sasa amestaafu, na leo anatimiza miaka sabini. Mejumaa anafanya kazi Doha. Amekuja likizo makusudi ampeleke mama yake mahali pazuri, ale akiiangalia bahari bila mtu kumwita akamzalishe mke wa mtu.

Nikageuka kuangalia baraza. Meza zote tupu. Vibao vyote vimesimama. Madam Concepta alikuwa ameshafika nyuma yangu, na sikumsikia.

"Samahani sana," akawaambia, "baraza limejaa leo. Tutawapa meza nzuri ya ndani."

"Limejaa nani?" Mejumaa akauliza.

"Zimehifadhiwa."

Bi. Mwanasha akamshika binti yake mkono. "Twende ndani tu, mwanangu. Chakula ni chakula." Tukawapeleka ile meza ya karibu na jikoni. Nikamvutia kiti. Alikaa taratibu, akaegemeza fimbo ukutani, akainusa harufu ya choo.

Kisha wakaingia wazungu wawili, mume na mke, wamelowa maji ya bahari, wamevaa kaptula na ndala. Hawakuwa wamepiga simu. Walisema wenyewe, walikuwa wanapita tu. Madam Concepta akatoka, akaondoa kibao kwenye meza ya pembeni, ile nzuri kuliko zote, akawakaribisha. Mlango wa baraza ulikuwa wazi. Bi. Mwanasha aliona yote kutoka pale alipokaa.

Akaniita. Nikaenda nikainama kidogo kama inavyotakiwa.

"Mwanangu," akasema, sauti yake ya upole kabisa, "nikuulize jambo moja, unijibu kweli tu. Sitakukasirikia. Zile meza zimehifadhiwa kwa ajili ya nani?"

Nilijua jibu nililofundishwa. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini mwanamke yule alikuwa ananitazama usoni, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyewahi kuwauliza wanawake wengi maswali magumu na kungoja wajibu.

"Kwa wazungu, Bi," nikasema.

Mejumaa aliweka uma mezani. Bi. Mwanasha aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata majibu ya kipimo aliyokuwa anayangoja hospitali.

"Ahsante," akaniambia. "Allah akulipe." Wakainuka wakaondoka. Hakupaza sauti. Alipofika mlangoni alimpa Madam Concepta mkono, na Madam akaupokea, naye hakujua aangalie wapi.

Walipotoka, Madam aliniuliza nimewaambia nini. Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliniambia nivue skafu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, Bwana Shutu. Yeye ni mtu wa pwani kama mimi. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya Kinango, kama mvua imefika. Nikamwambia bado. Akasikitika.

Kisha akasema, "Mwanangu, neno ulilolitumia jana halitumiki katika chuo hiki."

"Neno gani, mwalimu?"

"Hilo ulilolisema."

"Wazungu?"

Akafumba macho kidogo kama aliyechomwa sindano. "Sisi tunasema wageni wa kimataifa. Hapa hatuna rangi, hatuna kabila. Tuna wageni."

"Yule Mejumaa anafanya kazi Doha," nikasema. "Amekuja kwa ndege. Yeye si mgeni wa kimataifa?"

"Usinichezee maneno," akasema. Halafu akanikumbusha, kwa upole uleule, kwamba nafasi za mazoezi hotelini bado hazijagawanywa, na kwamba hoteli hutaka vijana wenye busara.

Aliyewatenga watu kwa rangi hajatenda kosa. Kosa nimelitenda mimi niliyeitaja rangi.

Jumatano, 28 Mei

Mejumaa amelieleza jambo zima mtandaoni, na watu wanalisambaza kutoka Kwale hadi ughaibuni. Hakunitaja jina. Amesema tu, "msichana wa mlangoni, ambaye alikuwa na adabu ya kusema kweli." Chuo kizima kinajua ni nani.

Cliff, ambaye tangu mwaka wa kwanza tunasoma pamoja, amenijia bwaloni. "Jumwa, umetuchomea," akasema. "Mabosi wa hoteli wakiona hiyo stori, nani atatuchukua? Karo yako nusu inalipwa na hao hao wazungu. Ungesema tu zimehifadhiwa, ingekucost nini?"

Jibu nimelipata sasa hivi: ingenigharimu uso wa yule mama.

Ijumaa, 30 Mei

Kumefanyika mkutano. Ukumbini kumetundikwa kitambaa kilichoandikwa KIKAO CHA WAZI. Mwalimu Austine ndiye aliyekuwa mwenyekiti, amevaa tai. Nilifurahi kumwona. Nikafikiri, haya ndiyo yale mazingira yanayofaa.

Alianza kwa kusoma masharti. Tuzungumze kwa uhuru. Tusitaje rangi ya mtu. Tusitaje kabila. Tusitaje tukio la hivi karibuni, kwa kuwa bado linachunguzwa.

Niliangalia kushoto na kulia nione kama kuna mtu atacheka. Hakuna.

Basi tukakaa kuzungumza kwa uhuru juu ya kitu kisichotajwa. Msichana mmoja alisema tuwe na upendo. Mwingine akasema wageni wote ni sawa mbele ya Mungu. Nikasimama nikasema, "Mwenyekiti, Jumapili iliyopita mwanamke wa miaka sabini..." Mwalimu Austine akagonga meza. "Jumwa, masharti." Nikamtazama. Mtu aliyeniambia nisiache kuuliza. Alikuwa anaangalia saa yake.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Kijana wa nyuma akasema hii siyo rangi, hii ni siasa ya kabila. Jumwa anamwandama Madam Concepta kwa sababu Madam ni mtu wa bara. Wengine wakapiga makofi. Wa upande wa pili wakajibu kwamba ni kweli wabara wamejaza kazi zote za Diani. Katika muda mfupi wazungu wakawa wamesahaulika kabisa, na sisi kwa sisi tukawa tunaoneshana vidole. Kumbe kabila lilikuwa halina shida kutajwa. Mwenyekiti hakugonga meza.

Mimi nikapandwa na hasira. Nikasema, na nilisema kwa sauti kubwa, "Basi ni kweli. Nyinyi wabara ndio mliokuja huku kutufundisha kuwainamia wazungu."

Viola alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu. Aliinuka, akachukua mwavuli wake, akatoka.

Jumamosi, 31 Mei

Viola hajalala chumbani. Yuko kwao Ukunda. Mvua.

Jumapili, 1 Juni

Nimemfuata Viola kwao. Mama yake alinipa chai, akatuacha barazani tukiangalia maji yanavyopita uani.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Umesema wabara," akasema. "Mimi bara nimeenda kuzika bibi yangu, basi. Kwetu ni hapa. Na wewe ulikuwa unanitazama ulipokuwa unasema."

"Sikuwa nakutazama wewe."

"Ulikuwa unanitazama, Jumwa."

Ilikuwa kweli. Baada ya muda akaingia ndani akarudi na kipeperushi cha chuo, kile chenye picha ya wanafunzi wanaotabasamu, ambacho hupelekwa kwa wafadhili.

"Unaniona?" akaniuliza.

Nikatazama. Hakuwamo.

Akaweka kidole pembeni kabisa mwa picha. Palikuwa na mkono mweusi umeshika sinia. "Huyo ni mimi. Mwaka wa kwanza. Mpiga picha alitupanga, Madam akaniangalia, akasema nisogee nyuma kidogo, nuru hainikubali. Nikasogea. Akasema kidogo tena. Ilipotoka nimekuwa mkono."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mimi ni mweusi mno? Hayo maneno ukishayatoa mdomoni yanakuwa yako. Watu watakuonea huruma, halafu kila wakikuona watakumbuka." Akakikunja kile kipeperushi. "Mimi sikukasirika uliposema kweli kwa yule mama. Nilikuonea wivu. Kisha juzi ukachukua hasira hiyohiyo ukanipiga nayo mimi."

Tulirudi chuoni pamoja jioni, chini ya mwavuli mmoja, hatuzungumzi sana.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Wenzetu Waislamu wametuletea pilau bwenini. Kwa siku moja hakuna aliyebishana.

Jumanne, 10 Juni

Nimeondolewa rasmi mapokezi nikapelekwa chumba cha kufulia. Baba alipiga simu. Nyumbani mvua haijanyesha, mahindi yamejikunja majani. Akauliza kama skafu ya buluu inanipendeza. Nikamwambia iko kwa dobi. Sikusema uongo. Iko kwa dobi, na dobi ni mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Bibi Annegret amekuja. Ni mzee wa kizungu anayewakilisha wafadhili, ameishi Diani miaka mingi na Kiswahili anakijua, cha polepole. Asubuhi vile vibao vilikuwa vimeondolewa vyote vikafungiwa stoo. Mwalimu Austine alipita madarasani kutukumbusha kuwa "wawazi lakini wenye kujenga".

Bibi Annegret alikaa nasi mgahawani, tumezunguka meza. Bwana Shutu pembeni yake, Madam Concepta amesimama ukutani.

"Nimesoma habari mbaya," Bibi Annegret akasema. "Nataka kusikia kwenu. Ni kweli?"

Mimi nilikuwa nimeambiwa waziwazi nisifungue mdomo. Cliff alisema kulikuwa na kutoelewana kidogo na yamekwisha. Bwana Shutu akashusha pumzi.

Ndipo Viola akasema, bila kuinuka, "Ni kweli, Bibi. Baraza lilikuwa la wazungu. Weusi tulikuwa tunawaweka ndani. Sisi wenyewe tulikuwa tunawaweka."

Bibi Annegret akageuka mwekundu shingoni. "Lakini mimi sijawahi kuomba kukaa baraza," akasema. "Hata siku moja sijaomba."

"Ndiyo, Bibi," Viola akasema. "Hukuwahi kuhitaji kuomba."

Yule mama akaanza kulia. Alilia kweli, si kwa kujionesha. Akasema amewapenda watoto wa hapa maisha yake yote, na kwamba maneno hayo yamemchoma. Basi ungeona. Bwana Shutu akaleta maji. Msichana mmoja akamshika mkono. Cliff akatafuta leso. Mwalimu Austine akasema hakuna anayemlaumu yeye binafsi. Tulikuwa chumba kizima tunambembeleza mtu mmoja, na hata mimi nilijikuta nimemsogezea kiti chenye mto.

Bi. Mwanasha alipotoka na fimbo yake, nani alimletea maji?

Kikao kikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Wakati wa kutoka, Bwana Shutu alimwambia Viola kwamba amemhuzunisha mgeni.

Nimemwona Madam Concepta. Watu wote walipokuwa wanambembeleza Bibi Annegret, yeye hakusogea ukutani. Alikuwa anamtazama Viola.

Jumatatu, 23 Juni

Mashuka hayakauki. Kila kitu kinanuka unyevu.

Jumamosi, 28 Juni

Chuo kimeamua kumwomba radhi Bi. Mwanasha, nyumbani kwake. Tumepelekwa na gari la chuo: mwalimu Austine, Madam Concepta na mimi, pamoja na keki kubwa ya jikoni kwetu. Njiani mwalimu Austine akanipa maneno yangu. Niseme kwamba sikuwa nimeelewa utaratibu wa mgahawa, na kwamba nilijibu kwa makosa. "Ni sentensi moja tu," akasema. "Ukiisema, jina lako litarudi kwenye nafasi za mazoezi."

Nyumba ya Bi. Mwanasha iko nyuma ya barabara kuu ya Msambweni, imezungukwa na minazi na mbuzi wa jirani. Alitupokea vizuri mno. Tuliletewa mahamri na mbaazi kabla hata hatujasema tulichofuata. Mejumaa alikuwa ameshasafiri.

Mwalimu Austine akasafisha koo, akatoa salamu za mkuu wa chuo, akasema mwanafunzi alikosea maneno na amekuja kuyarekebisha. Akanigeukia.

"Bi. Mwanasha," nikasema, "nimeagizwa niseme kwamba nilikosea. Sikukosea."

Mwalimu Austine aliweka kikombe chini. Bi. Mwanasha hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Siku ile katika nyumba yenu, wewe peke yako ndiye uliyenijibu." Akawageukia wao. "Sasa na mimi nawauliza nyinyi watu wazima. Nani aliyeamuru?"

Mwalimu Austine akasema ni jambo la kimfumo, lina sura nyingi. Bi. Mwanasha akamngoja amalize. Kisha akangoja tena. Mbuzi alikuwa analia nje.

"Mimi," Madam Concepta akasema.

Hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Mimi ndiye niliyewaambia watoto hawa. Na mimi hakuna aliyeniambia. Nilikuwa mhudumu hotelini, msichana kama huyu. Siku moja nilimkalisha dada yangu na mchumba wake meza ya mbele. Walikuwa wamelipa kama watu wengine. Meneja hakunigombeza, hakusema neno. Wiki iliyofuata sikupangwa zamu, na iliyofuata pia. Niliporudishwa, nilikuwa nimeshaelewa. Nimeelewa hivyo maisha yangu yote. Nimewafundisha wengine waelewe mapema, wasipoteze kazi kama nilivyokaribia kuipoteza mimi. Nilidhani nawasaidia."

Nilimtazama mwanamke huyu niliyemchukia tangu Mei, nikatamani niendelee kumchukia, kwani ilikuwa rahisi zaidi.

"Na yule dada yako?" Bi. Mwanasha akauliza.

"Hatujawahi kulizungumza, Bi."

Bi. Mwanasha aliitazama keki muda. "Sikusamehe leo," akasema. "Ningesema nimekusamehe ningekuwa nakudanganya, na sisi leo tunasema kweli. Lakini nimekusikia. Kuleni mbaazi, zinapoa."

Njia nzima ya kurudi mwalimu Austine alikuwa anaandika kwenye simu. Madam aliangalia nje. Tulipokaribia Ukunda akaniuliza, bila kugeuka, "Viola bado anacho kile kipeperushi chenye mkono wake?" Nikamwambia anacho.

Jumatatu, 30 Juni

Madam amekuja bwenini leo, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alizungumza na Viola mlangoni. Viola hajaniambia walichosema na mimi sijamwuliza. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikula chakula chote cha jioni.

Jumatatu, 7 Julai

Madam Concepta amefukuzwa kazi. Yule aliyesema "mimi" ndiye aliyeondoka. Bwana Shutu, ambaye ameupita mgahawa ule kila siku akaona vibao na meza tupu, yupo. Mwalimu Austine amepandishwa kuwa kaimu mkuu wa mafunzo ya huduma. Nimelirudia jambo hili kichwani kutwa nzima nikipiga pasi, na kila nikilirudia linazidi kuwa baya.

Jumatano, 9 Julai

Nafasi za mazoezi zimetangazwa. Jina langu halimo. La Viola halimo. Cliff amepata hoteli nzuri. Amekuja kuniambia mwenyewe, na hakuweza kunitazama.

Ijumaa, 11 Julai

Mvua imekwisha. Mkutano wa chuo kizima ukumbini, mwisho wa muhula. Bwana Shutu alisimama na karatasi yake. Alisema muhula ulikuwa na changamoto. Alisema mtumishi mmoja aliyekwenda kinyume na maadili ya chuo hayupo tena, na kwa hiyo tatizo limeondolewa. Alisema kuanzia sasa kila mgeni atakaa anapopenda, kama ilivyokuwa siku zote.

Kama ilivyokuwa siku zote. Alilisoma hivyo, mbele ya watu mia mbili waliojua.

"Kuna swali?" akasema, huku akiikunja karatasi, kama anavyosema kila mwisho wa muhula bila kungoja.

Nikainua mkono. Viola akainua wake, ule mkono wa sinia. Nilidhani tungebaki wawili. Kisha nikasikia kiti kikilia nyuma yetu, nikageuka: Thoya, aliyeiambia ile familia ya Matuga kwamba meza zimehifadhiwa, ameinua mkono, na uso wake umejaa jasho. Msichana mmoja wa jikoni. Wawili wa upishi nisiowajua majina. Mwishoni kabisa, mkono wa Cliff, umeinuliwa nusu, kama mtu anayejikuna sikio, lakini umeinuliwa.

Bwana Shutu alituangalia. Mwalimu Austine alimnong'oneza kitu.

"Muda umekwisha," Bwana Shutu akasema. "Mtawanyike."

Akashuka jukwaani, akapita katikati yetu kuelekea mlangoni, na walimu wakamfuata. Hatukutawanyika. Hatukushusha mikono.